Aliyekuwa Chumbani na Mama

Tarehe 9 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Pokea marahaba yako mapema kabla hujaniamkia, maana najua utasahau, kisha useme uzee umenifanya nijidai. Sisi huku tu wazima. Goti la wifi yako limetulia tangu daktari amkataze ngazi, na sasa mimi ndiye ninayepanda na kushuka kumtafutia miwani, ambayo kila siku iko kwenye chumba ambacho sikwenda. Kijana wetu mkubwa amehamishiwa tawi lingine la benki na analalamika kama mtu aliyepelekwa vitani. Wewe je? Zile sare za shule ulizosema zimekuelemea umezimaliza? Na Baba, macho yanaona hata kidogo, au ni vivuli tu?

Haya, lililonikalisha chini ni hili. Mwisho wa Juni nastaafu. Miaka thelathini na mmoja kwenye jengo lile lile, ghorofa ya tatu, chumba chenye dirisha linalogoma kufungwa. Nimeanza kupanga vitabu kwenye maboksi, ila kila kimoja lazima nikifungue kwanza, kwa hiyo kazi haiendi. Wanafunzi wangu wa zamani, wengine wana mvi kunishinda, wanataka nitoe mhadhara wa kuaga, na chuo kinachapisha kitabu changu cha mwisho. Kinaeleza kazi yangu yote: tiba ya masimulizi, na namna nilivyoingiza mambo ya roho ndani yake wakati wenzangu walikuwa wakinicheka na kusema imani ya mtu isubiri nje ya ofisi.

Hujawahi kuniuliza kazi hii ni nini hasa, nami sikulaumu. Kwa ufupi, mtu anakuja kwangu akiwa ameshajihukumu mwenyewe. Mimi mlevi, mimi mkosi, mimi mama mbaya. Sisi hatumpingi wala hatumhubirii. Tunamwomba aizungumzie shida yake kana kwamba imekaa kiti cha pembeni, aipe jina, aseme iliingia lini nyumbani kwake, na ni siku gani ilijaribu ikashindwa kumweza. Polepole anakumbuka kwamba maisha yake yana visa vingine ambavyo shida ile ilivifunika. Na mimi nimeongeza swali langu moja, ambalo wanafunzi wanalijua kuliko jina langu: saa ile mbaya kuliko zote, nani alikuwa nawe? Wengine hujibu Mungu, wengine jirani, wengine hunyamaza sana kabla ya kusema lolote.

Swali hilo nililipata kwa Baba. Ndiyo maana sura ya kwanza ni ya siku aliyofariki Mama: Baba ameketi ukingoni mwa kitanda, ameushika mkono wake tangu asubuhi mpaka pumzi ya mwisho, haombi kwa sauti, hahubiri, amekaa tu. Mhubiri aliyekuwa na maneno kuliko watu wote niliowahi kuwajua, na siku ile akachagua kukaa. Nimekuwekea kurasa sita humu ndani. Msomee taratibu, na tafadhali usirukeruke kama unavyofanya na barua za bima. Mhariri anazitaka zirudi mwisho wa Mei, na siwezi kuchapisha kisa cha mtu bila mwenyewe kukisikia na kukubali. Hilo ni la kwanza kabisa ninalofundisha. Simu ipo, lakini unamjua mzee, neno kwake si neno mpaka liwe kwenye karatasi.

Kaka yako


Tarehe 2 Machi

Kaka Profesa,

Shikamoo. Umeona sijasahau. Mpe wifi pole ya goti, na mwambie miwani aitie kamba aivae shingoni kama mimi. Haipendezi lakini ndoa inapumua. Sare nimezimaliza, suruali tisini na nne, kisha mwalimu mkuu akarudisha kumi na mbili akisema viuno vinabana, wakati vipimo alivileta mwenyewe kwa mwandiko wake. Nimenyamaza, nimefumua. Mpwa wako anaendelea vizuri pale duka la dawa, wamempa zamu za mchana, kwa hiyo asubuhi anashinda na babu yake. Baba ni vivuli tu sasa. Mimi ananitambua kwa mlio wa kandambili.

Kurasa zako nilimsomea Jumapili baada ya chakula cha mchana. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema umeandika vizuri. Kisha akaniomba nimsindikize akajinyooshe kitandani, na ndiyo hayo.

Kaka, mimi si msomi, ila kitabu kikiwa na sura kumi na moja, ya kwanza ikitoka zinabaki kumi, na hakuna msomaji atakayebisha hodi kuidai. Wazee wana haya ya kusifiwa mbele ya watu. Kwa nini usianze na yule mwanamke uliyewahi kunisimulia, aliyeipa huzuni yake jina la Mpangaji kwa kuwa imegoma kuhama? Anachekesha, anatia huruma, na ruhusa yake ulishaipata.

Nina gauni la harusi mezani na bibi harusi mwenyewe ananenepa kila wiki. Nitaandika tena.

Chiriku


Tarehe 15 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako imefika na nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti kwa sababu wifi yako alitaka kusikia habari za viuno. Amecheka mpaka goti likamuuma. Huku hatuna jipya, isipokuwa maboksi yamefika kumi na tisa na mfagiaji wetu ananiuliza kila asubuhi kama nahama au nafungua duka.

Hilo la kuiondoa sura ya Baba, hapana. Nimewaona watu wengi wakikimbia sifa zao wenyewe, na mara nyingi ni kwa sababu hakuna aliyewahi kuwakalisha na kuwaambia, ulifanya jambo kubwa. Nataka Baba aambiwe angali hai. Hapa chini nimeandika maswali machache umuulize: alikaa upande gani wa kitanda, Mama alisema nini mwisho, yeye alijisikiaje moyoni, aliwaza nini juu ya Mungu saa ile. Wewe sikuulizi kwa sababu ulikuwa mtoto na najua ulikuwa jikoni unachemsha maji. Sitaki kukuchosha kwa mambo ambayo hukuyaona.

Ngoja nikwambie kwa nini naing'ang'ania. Mwaka wangu wa kwanza kazini aliletwa fundi bomba mmoja aliyefiwa na mtoto. Alikaa saa nzima bila kutamka neno. Mimi nilikuwa nimetoka masomoni na kichwa kimejaa nadharia, na hakuna hata moja iliyonisaidia. Nilifikiria kutoka nje nikaandike barua ya kuacha kazi. Ndipo nikamkumbuka Baba, nikasogeza kiti, nikakaa karibu na yule bwana bila kusema chochote. Alipoondoka akaniuliza kama anaweza kurudi wiki ijayo. Chiriku, kila kitu nilichokuja kukifanya baada ya hapo kilitoka kwenye kiti kile. Bila kisa cha Baba mimi nisingekuwa huyu.

Kwa hiyo muulize. Na akikubali, mwezi wa tano nitakuja na mashine ya kurekodia, tukae wote watatu.

Kaka yako


Tarehe 22 Aprili

Chiriku,

Wiki tano. Hata salamu sizirefushi leo. Simu yako inaita mpaka inachoka yenyewe. Juzi alipokea mpwa wangu, nikamuuliza babu yake hajambo, akanyamaza, na huyo mtoto si wa kunyamaza, amekurithi wewe. Nilipombana akasema Baba ameacha kuomba. Kwamba wale wanaokuja Jumamosi kuombewa, wanaokuja tangu sisi watoto, anawarudisha pale pale barazani na kuwaambia hana kitu cha kuwapa. Kwamba chakula anakula vijiko viwili kisha anasema ameshiba.

Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu zile karatasi zako, mjomba.

Kuna jambo unanificha. Niambie kabla sijapanda gari nije niliulize mwenyewe.

Kaka yako


Tarehe 29 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Nikisema hatujambo nitakuwa nimekudanganya, na uongo nilioubeba unatosha.

Usije kwanza. Soma hii mpaka mwisho, halafu uamue.

Nilipomsomea Baba kurasa zako mara ya kwanza alisema umeandika vizuri, na hilo ni kweli. Sikukwambia kwamba kesho yake aliniomba nirudie ukurasa wa tatu, ule wa mkono. Na keshokutwa tena. Mara ya tatu akaniuliza, "Nani alimwambia hivi?" Nikamjibu, mimi. Jumamosi iliyofuata ndipo alipoanza kurudisha watu.

Baba hakuwa chumbani. Ndiyo hiyo, nimeiandika. Nimeanza karatasi nne na kila moja niliikata ikawa kiolezo cha kola.

Unakumbuka Mama aliugua miezi minne. Wewe ulikuwa shuleni kwa hiyo hukuona, lakini Baba alisimama mbele ya waumini akatangaza kwamba mke wake atainuka kitandani. Alisema kwa jina la Mungu, na watu wakashangilia. Wiki ya mwisho kila mtu aliyeingia mle chumbani alijua hainuki. Baba akaacha kuingia. Alikuwa anakaa kwenye benchi nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, na kitabu magotini hakifungui.

Jumatano ile asubuhi Mama aliniambia nimwite Baba. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nikaenda, Baba akasema mwambie nakuja. Nikarudi nikamwambia. Tukasubiri. Akanituma tena, Baba akasema vile vile. Mara ya tatu Baba hakujibu, alikuwa anaangalia chini. Nilisimama mbele yake, nadhani muda mrefu, halafu nikarudi nikamwambia Mama anakuja, anavaa viatu. Mama akasema, "Haya." Alikuwa amenishika vidole viwili, hiki cha shahada na cha kati, kwa sababu mkono mzima hakuwa na nguvu za kuushika. Alikufa kabla ya saa sita. Nilikaa naye hapo mpaka jirani muuguzi alipopita kutuletea maziwa.

Jikoni hapakuwa na maji yanayochemka, kaka. Moto haukuwashwa nyumbani kwetu siku ile. Sijui uliyapata wapi maji hayo ya ukurasa wa nne. Ulitafuta mahali pa kuniweka ukaniweka huko.

Wewe ulifika Ijumaa tumeshazika. Ulinikuta getini, ukanishika mabega, ukasema, "Baba alikuwa naye, sivyo? Alimshika mkono?" Ungeniuliza nini kilitokea, labda ningekwambia. Lakini uliniuliza hivyo, na uso wako ulikuwa vile, nikasema ndiyo. Ningesema nini? Nilidhani utalia, utalala, utasahau. Sikujua utakuja kuujengea ghorofa tatu.

Nimekasirika, na sikujua kama nimekasirika mpaka nilipoziona zile kurasa. Umekaa na mafundi bomba na wajane wa watu miaka thelathini na mmoja, unawauliza saa ile mbaya nani alikuwa nawe. Mimi hukuwahi kuniuliza. Na umeniandikia kwa mkono wako kwamba huniulizi kwa kuwa sikuyaona.

Na Baba sijawahi kuzungumza naye jambo hili. Tumeishi nyumba moja. Ninamkata kucha, ninamnyoa, ninampenda kaka, usifikiri simpendi. Ila siku nyingine nikiwa nimeushika ule mkono nakata kucha, hasira inanipanda mpaka naweka mkasi chini naenda kuchungulia dirishani.

Sasa niambie wewe uliyesoma. Ukichapisha, atakufa akiwa amesifiwa kwa jambo ambalo hakulifanya, na kila msomaji atakuwa anamchoma bila kujua. Ukifuta kimya kimya, atajua nimekwambia, atakufa na aibu yake, hatatutazama tena mimi wala wewe. Ana miaka themanini na sita na anakula vijiko viwili. Muda hatuna.

Chiriku


Tarehe 20 Mei

Mdogo wangu,

Salamu kutoka kwa wifi yako. Nilimpa barua yako aisome. Alipomaliza alikuja kukaa karibu nami, hakunipa pole, na nilimshukuru.

Nimechelewa. Nimekaa mezani siku nyingi, na mtu aliyewaandikia wateja wake barua baada ya kila kikao, mamia ya barua, akawa hana mstari hata mmoja wa kumwandikia dada yake. Huu wa leo hautapendeza, lakini nautuma.

Sura nimeiondoa. Mhariri hakufurahi, kitabu hakitawahi mhadhara, na huenda kisitoke mwaka huu. Mhadhara wenyewe sijui nitasema nini. Nilimsimamisha mtu ambaye hakuwepo kuwa nguzo ya kazi yangu, na aliyekuwepo nikamtoa nje. Hilo ni kosa ambalo ningemfelisha nalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Swali nililokuuliza getini pia ningemfelisha nalo. Kila Septemba nasimama mbele ya darasa jipya nikiwaambia, usimuulize mtu swali ambalo umeshaweka jibu lako ndani, kwa sababu aliyechoka atakupa unachotaka. Nimesema hivyo miaka yote bila kukumbuka hata siku moja uso wako.

Kwa nini nililitaka jibu lile? Hili sijamwambia mtu yeyote, hata wifi yako amelisikia wiki hii tu. Niliwaambia nyote kwamba ujumbe wa Mama kuzidiwa ulinifikia Alhamisi. Si kweli. Mkuu wa shule aliniita ofisini Jumatatu. Alinipa ruhusa na nauli. Nilikuwa katikati ya mitihani ya mwisho, umebaki mmoja Jumanne na mmoja Alhamisi, na nikamwambia mama yangu ni mgonjwa wa siku nyingi, nitaondoka nikimaliza. Ningepanda gari Jumatatu ile ile, Jumanne mchana ningekuwa nyumbani, na Mama alikuwa bado anaongea. Nilifaulu mitihani yote. Ile karatasi ya Alhamisi nilipata alama za juu kuliko darasa zima.

Kwa hiyo nilipofika getini nilihitaji mtu mmoja wa familia yetu awe alikaa pale. Nilihitaji awe Baba. Wewe ulikuwa mbele yangu unanitazama, na sikukuona.

Chiriku, nakuuliza sasa, na nimechelewa miaka arobaini na mmoja. Sikuulizi kama mtaalamu, na jibu silitaki kwa ajili ya kitabu chochote. Ilikuwaje kwako? Uliambiwa nini na nani baadaye? Nani alikukumbuka? Ukitaka kunijibu, nitasoma chochote utakachoandika. Usipotaka, sitakusumbua tena.

Kuna bahasha nyingine humu, ya Baba. Sijaifunga. Nimemwandikia habari ya mitihani, yote, na kwamba sikuja. Nimemwambia kwamba nimejua hakuingia chumbani, na kwamba mimi si wa kumhukumu kwa kuwa mimi hata benchi sikulifikia. Nimemwomba radhi kwa kumvisha sifa bila kumpima. Isome wewe kwanza. Kisa ni chako kabla hakijawa cha mtu mwingine, na wewe ndiye utakayeishi naye nikishamaliza kuandika. Ukiona inafaa, msomee. Ukiona haifai, ichane, wala usinieleze sababu.

Kaka yako


Tarehe 10 Juni

Kaka,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na safari hii ni kweli, kwa namna yake. Bibi harusi ameolewa, gauni lilifunga kwa tabu na sala. Mpwa wako anakusalimu.

Bahasha ya Baba nilikaa nayo siku sita ndani ya droo ya nyuzi. Mara mbili niliitoa nikaishika pande zote mbili niichane. Nilikuwa naogopa, kaka, naogopa kama siku ile. Siku ya sita, Jumapili, nilikuwa namshonea mtu pindo, na Baba amekaa kwenye kiti chake pembeni ya cherehani, anapenda ule mlio, akasema bila hata kunigeukia, "Kaka yako ameacha kuandika?" Nikazima mashine. Nikasema ameandika, kuna ya kwako. Nikamsomea yote. Sikuruka.

Kwenye habari za mitihani alitikisa kichwa. Akasema, "Kumbe na yeye." Basi. Nikaendelea mpaka mwisho, nikakunja karatasi, nikangoja. Nilidhani ataomba nimpeleke akalale.

Akaniuliza, "Mama yako alipojua siji, alisema nini?"

Kaka, mwanzoni sikumwelewa. Nilimtazama. Halafu nikafahamu kwamba miaka yote hii Baba anaamini nilirudi chumbani nikamwambia Mama amekataa. Anaamini Mama alikufa analijua hilo. Amekula na hilo, amehubiri na hilo, ameomba juu ya vichwa vya watu na hilo. Na mimi nilikuwa na jibu lake siku zote, chumba cha pili, sijampa. Sikumnyima kwa makusudi. Au labda nilikusudia, sijui. Mimi nilijua nimemdanganya Mama saa ya kufa na nilikuwa naona aibu kulisema.

Nikamwambia, "Hakujua. Nilimwambia unakuja. Mara ya mwisho nilimwambia unavaa viatu."

"Akaamini?"

"Aliamini, Baba. Alisema haya. Akafumba macho, akatulia."

Sikuwa nimewahi kumwona Baba analia. Analia vibaya, kama mtu asiyejua inafanywaje. Alisema hakuogopa kifo cha Mama, aliogopa uso wake. Kwamba angeingia, Mama angemtazama na kuona kwamba aliyetangaza atainuka hana imani hata ya kuvuka kizingiti. Alisema alikuwa ameshasimama kwenye benchi aliposikia jirani analia. Hilo sikuwa nalijua. Nimelichukua hivyo hivyo, sijui kama ni kweli, na simwulizi mara mbili.

Kisha akasema, "Na ulikuwa peke yako." Hakuuliza, alisema tu. Nikasema ndiyo. Akanyoosha mkono juu ya kitambaa, anatafuta. Sitakudanganya kaka, sikumpa wangu upesi. Niliuangalia ule mkono unapapasa mpaka ukafika kwenye pini, ukachomwa, na bado ukaendelea. Ndipo nikampa. Alinishika mpaka bega likafa ganzi. Sikumwambia nimemsamehe kwa kuwa sijui bado. Nilimwambia supu inapoa, tukaenda kula, akamaliza bakuli.

Swali lako kwangu nitalijibu, lakini si kwa barua. Njoo. Mashine ya kurekodia iache huko. Na kwa kuwa tumefika hapa, ujue kwamba Mama alikuulizia na wewe pia. Nilimwambia uko njiani.

La mwisho ni la Jumamosi, juzi. Watu wamepungua, wengi wameshakata tamaa na mlango wetu, lakini alikuja mwashi mmoja, mke wake amelazwa na madaktari wamemwambia hakuna la kufanya tena. Nilidhani Baba atamrudisha. Akamkaribisha ndani, akamkalisha kwenye kiti cha wateja wangu. Yule bwana akaomba waombe pamoja ili mke wake apone. Baba akamwambia hawezi kumwahidi kwamba mke wake atapona. Aliwahi kuahidi hivyo, akasema, na kwa ajili ya ahadi ile mke wake mwenyewe alikufa akimwita, naye yuko umbali wa hatua thelathini. Alilisema wazi, mbele yangu na mbele ya mteja aliyekuja kuchukua sketi.

Mwashi akauliza, sasa tutaomba lini, mzee? Baba akamwambia, "Tutaomba ukirudi. Mke wako anakusubiri sasa hivi. Nenda."

Yule bwana aliinuka akaondoka bila hata kuaga.

Chiriku